Moshi wa alfajiri Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mgeuko wa halijoto na kutabiri hewa chafu

Maswali haya hurudiwa sana na walimu wanaopanga mchakamchaka, wenye pumu, wakimbiaji wa alfajiri, na watu waliofunga sensa ya hewa barazani wakashindwa kuelewa namba zake. Jambo moja lieleweke mapema: kwenye mabonde ya milimani watabiri huuliza hewa mbaya itakaa *siku* ngapi. Dar es Salaam tunauliza itakaa *saa* ngapi, na upepo utaipeleka mtaa gani. Saa zote humu ni za Kiswahili.

## Mambo ya msingi

1. Mgeuko wa halijoto ni nini?

Kwa kawaida ukipanda juu hewa inapoa, wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Usiku tulivu usio na mawingu, ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, na hewa iliyoigusa inapoa pamoja nayo. Hewa iliyo mita mia juu inabaki na joto la mchana. Hapo mpangilio umegeuka: baridi chini, joto juu. Hewa baridi ni nzito na haina cha kuipandisha, kwa hiyo moshi ulioingia humo unabaki humo kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Humu tukisema "kifuniko" tunamaanisha tabaka hilo la joto.

Mgeuko hautengenezi uchafu wowote. Unazuia tu uliopo usitawanyike.

2. Dar ni joto mwaka mzima na hakuna milima. Mgeuko unatokea kweli?

Unatokea. Hauhitaji baridi ya kuvaa sweta, unahitaji tu ardhi iwe baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Julai na Agosti alfajiri hushuka hadi nyuzi 18 au 19, na mchana hufika 28 au 29. Tofauti hiyo inatosha.

Ila mgeuko wetu ni mwembamba. Bahari iko jirani na haipoi usiku kama nchi kavu. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, na mvuke hurudisha chini sehemu ya joto ambalo ardhi inalitoa. Lami na saruji ya mjini nazo huachia joto usiku kucha. Ndiyo maana Chanika au Kibaha unaweza kukuta kifuniko kimekaa juu ya nyasi kabisa, wakati Kariakoo kimeinuliwa makumi ya mita juu ya mapaa (jambo hili lina matokeo yake, tazama swali la 17).

Msimu wa kusi kuna kifuniko cha pili, cha juu zaidi, kwa kawaida kilomita moja hadi mbili na ushee juu ya usawa wa bahari. Kinatokana na hewa inayoshuka kutoka juu na kupata joto kwa kubanwa. Hicho hakifunguki asubuhi. Kinaweka tu kikomo cha jinsi moshi utakavyopanda mchana.

3. Ni miezi gani, na saa ngapi?

Juni hadi Septemba, kipupwe chote na mwanzo wa joto. Januari na Februari kuna usiku mmoja mmoja wenye kifuniko hafifu. Masika, mawingu na mvua huvunja karibu kila kitu.

Kwa saa: kifuniko huanza kujengeka baada tu ya jua kuzama, huwa kigumu kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri, huanza kulegea saa 2, na saa 3 au 4 asubuhi kimekwisha. Lakini uchafu haufuati kifuniko peke yake. Saa 8 usiku kifuniko kipo ila majiko yamezimwa na magari ni machache. Ndiyo maana grafu ya sensa nyingi za hapa ina vilima viwili: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 4 usiku.

4. Kwa nini karibu kila ninachosoma kuhusu mgeuko kinazungumzia Utah na mabonde ya milimani?

Kwa sababu huko ndiko unakoumiza zaidi. Jiji la Salt Lake limekaa kwenye bonde lenye kimo cha mita 1,300 hivi, na ukuta wa milima ya Wasatch una vilele vinavyopita mita 3,300. Majira ya baridi, mgandamizo mkubwa wa hewa ukitulia juu yake, baridi hujaa bondeni na upepo wa juu hupita bila kuigusa. Theluji iliyotanda chini huakisi jua badala ya kulipokea. Desemba jua la adhuhuri huko husimama nyuzi 26 tu juu ya upeo. Dar mwezi Juni, wakati jua letu liko chini kabisa, bado husimama karibu nyuzi 60. Jua la huko linashindwa kukifungua kifuniko. Letu linakifungua kila siku.

Hivyo bonde lile linaweza kukaa siku nyingi mfululizo, na uchafu wa leo unaongezwa juu ya wa jana. Matukio yaliyoingia kwenye historia yote yalikuwa ya aina hiyo ya kurundikana: bonde la Meuse huko Ubelgiji Desemba 1930, Donora huko Pennsylvania Oktoba 1948 (watu 20 walikufa), na London kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, ambako makadirio ya kwanza yalikuwa vifo 4,000 na ya baadaye yakapanda hadi 12,000.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaioni. Sehemu kubwa ya chembe za majira ya baridi huko Utah ni nitrati ya amonia, inayoundwa hewani kutokana na gesi za magari na amonia, nayo hupenda baridi. Kwenye joto letu hurudi kuwa gesi. Chembe za Dar kwa sehemu kubwa zimetoka moja kwa moja kwenye moto, dizeli na vumbi. Kwa hiyo chukua fizikia yao, acha viwango vyao vya tahadhari.

5. Huo moshi unatoka wapi hasa?

Mkaa na kuni za jikoni, majumbani na kwa mama lishe. Taka zinazochomwa uani. Dampo la Pugu Kinyamwezi linaposhika moto. Dizeli za zamani na foleni ya malori ya bandarini kwenye barabara ya Mandela. Viwanda. Vumbi la barabara za mitaani zisizo na lami. Na kuanzia Julai, moto wa mashamba na vichaka mkoani Pwani, ambao ukiungana na upepo wa nchi kavu unafika mjini alfajiri. Katika jiji la watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, jiko moja si kitu, ila majiko yote huwashwa saa ileile.

## Kutabiri

6. Nataka kujua leo jioni kama kesho asubuhi hewa itakuwa mbaya. Nianzie wapi?

Fanya hivi kuanzia saa 12 jioni, kwa mpangilio huu, kwa sababu hatua ya mwanzo ikikataa hakuna haja ya kuendelea.

1. Mawingu. Gawa anga mafungu manane. Utabiri ukionyesha mawingu yatafunika mafungu matatu au pungufu kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri, endelea. Wingu zito la chini likitarajiwa saa 8 usiku, kifuniko kitakuwa dhaifu hata kama jioni ilikuwa na nyota tele.
2. Upepo kwenye kimo cha mita 10. Chini ya mita 2 kwa sekunde: mgeuko mgumu. Kati ya 2 na 5: upo, ila hafifu. Zaidi ya 5: hewa inachanganyika, lala salama.
3. Halijoto ya juu dhidi ya chini. Tazama swali la 7.
4. Mvua ya saa 24 zilizopita. Ardhi mbichi hupoa polepole, na mvua imeshafua hewa. Mvua ya manyunyu ya kipupwe haihesabiki, maana hulowesha lami tu.
5. Ratiba ya watu. Jumapili asubuhi foleni ni ndogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na taka zilizokusanywa mara nyingi huishia kuchomwa. Tazamia jioni yake iwe mbaya kuliko Jumamosi nyingine.

Hatua ya 2 ndiyo inayoharibu utabiri mwingi. Modeli (programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa) ikikosea upepo kwa mita moja na nusu tu kwa sekunde, umetoka kwenye "mgumu" ukaingia kwenye "hafifu".

7. Halijoto ya juu nitaipata wapi? Sina puto.

Puto la vipimo likirushwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, kipimo chake huingia kwenye hifadhi za kimataifa kwa namba ya kituo 63894. Usilitegemee kwa kazi ya kila siku. Tumia modeli: huduma za bure kama Open-Meteo hukupa halijoto katika ngazi za mgandamizo. Kwa Dar mwezi Julai, ngazi ya hektopaskali 1000 iko mita 150 hivi juu, 975 iko kwenye mita 350 hivi, 925 kwenye mita 830, na 850 kwenye mita 1,500.

Linganisha halijoto ya kimo cha mita 2 na ya ngazi ya 1000 saa 12 alfajiri. Chini nyuzi 20 na juu 18.7: hali ya kawaida. Chini 20 na juu 20: karibu na mgeuko, uhesabu. Chini 19 na juu 21: mgeuko kamili.

Kosa la kawaida hapa ni la ramani. Modeli hukata dunia kwa miraba ya kilomita kama 25, na mraba unaoangukia Posta au Masaki nusu yake ni bahari, kwa hiyo usiku wake hauonekani kupoa. Chagua nukta iliyo upande wa bara, Pugu au Kisarawe, hata kama unatabiria Ilala. Hata hapo modeli hulainisha mambo, na mgeuko wa mita 80 unaweza usionekane kabisa. Ukiona upepo na anga vinakubali lakini ngazi ya 1000 inakataa kwa nyuzi nusu, amini upepo na anga.

8. Nisomeje ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege?

Ripoti hizo, METAR, hutolewa kwa msimbo wa HTDA, na ndicho kipimo halisi kilicho karibu zaidi na wengi wetu. Mfano wa kutunga: `HTDA 150400Z 23003KT 3000 HZ FEW018 20/18 Q1018`.

Tarehe 15, saa 0400 za kimataifa. Kupata saa ya Kiswahili toa 3: hii ni saa 1 asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 230, yaani kusini-magharibi, kwa noti 3. Gawa noti kwa mbili upate takriban mita kwa sekunde, hapa moja na nusu. Unaona umbali wa mita 3,000 tu, na sababu ni HZ, utusitusi mkavu. FU ni moshi, BR ni ukungu mwepesi, FG ni ukungu wenyewe. Umbali ukiandikwa 9999 ni kilomita 10 au zaidi. FEW018 ni mawingu machache, 20/18 ni halijoto na kiwango cha umande, na Q1018 ni mgandamizo wa hewa.

Tazama hizo 20 na 18. Zikikaribiana kwa nyuzi moja, sehemu ya kinachoficha majengo ni maji, si moshi, na sensa yako inaweza kudanganywa (swali la 14).

9. Kimo cha kuchanganyika ni nini, na kinahesabiwaje?

Ni kimo ambacho hewa ya chini inafika inapopanda kwa joto la mchana. Uchafu uleule ukigawanywa kwenye mita 1,000 badala ya mita 100, makali yake yanakuwa sehemu ya kumi.

Hesabu ni ya mkono. Hewa inayopanda bila kuwa wingu hupoa nyuzi 9.8 kwa kilomita. Chukua joto la juu kabisa la mchana linalotarajiwa ardhini, lipunguze kwa kiwango hicho kadri unavyopanda, na uone linakutana wapi na halijoto halisi ya angani. Tuseme mchana ni nyuzi 29, ngazi ya 925 ina nyuzi 20, na ngazi ya 850 ina 16.5. Kwenye mita 830 hewa yetu inayopanda itakuwa na 29 − 8.1 = 20.9, bado ina joto kuliko jirani yake, inaendelea. Kwenye mita 1,500 ingekuwa na 14.3, baridi kuliko 16.5, kwa hiyo ilishasimama. Makutano yako kwenye mita 1,000 hivi.

Zidisha kimo hicho kwa wastani wa upepo ndani yake. Mita 1,000 kwa upepo wa 6 ni 6,000. Alfajiri ileile, mita 100 kwa upepo wa 1 ni 100. Mara sitini, jiji lilelile, siku ileile. Huko Utah wana kipimo cha aina hii kwa futi na noti, wanakiita Clearing Index, na kikiwa chini ya 500 ni marufuku kuchoma taka nje. Usiazime 500 yao. Andika namba yako ya kila siku kando ya usomaji wa sensa kwa msimu mmoja, utaona mwenyewe mpaka uko wapi.

10. Mwelekeo wa upepo una maana gani kama hewa imetulia?

Una maana kuliko halijoto. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, na upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini, magharibi au kusini-magharibi. Huo ndio unaopitisha moshi wa Pugu, Gongo la Mboto na Vingunguti kufuata bonde la Msimbazi hadi Jangwani na mjini. Bonde hilo ni la kina kidogo, halifanani kabisa na ya milimani, lakini kwa upepo wa mita moja kwa sekunde hata mteremko mdogo unaongoza hewa.

Saa 4 au 5 asubuhi upepo unageuka, unatoka baharini. Hewa ya pwani inasafika kwanza, Masaki kabla ya Tabata. Lakini moshi uliosukumwa baharini usiku haujapotea wote. Sehemu yake hurudi na upepo huo wa kwanza, na watu wa Kawe hushangaa kuona sensa ikiruka saa 5 huku feni ya upepo wa bahari inawapiga usoni. Hudumu nusu saa hadi saa moja.

11. Kifuniko kitafunguka saa ngapi?

Kadri kilivyo kinene na baridi ndivyo kinavyochelewa. Kwa mgeuko wa kawaida wa hapa, hesabu saa mbili hadi mbili na nusu baada ya jua kuchomoza. Wingu likitanda saa 1 asubuhi juu ya mgeuko ulioshakomaa, ongeza saa nzima. Hiyo ndiyo asubuhi mbaya kuliko zote: usiku mweupe, asubuhi ya mawingu.

12. Nitajuaje kama utabiri wangu una maana?

Weka kiwango kimoja, mfano wastani wa PM2.5 (chembe ndogo sana za hewani, zisizozidi mikromita 2.5) wa saa 1 hadi saa 3 asubuhi uzidi mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo. Kila jioni andika "utazidi" au "hautazidi" kabla hujaona chochote. Baada ya siku 30 hesabu mara ulizosema utazidi na ukazidi, mara ulizotoa hofu bure, na mara zilizokupita. Kisha linganisha na mtabiri mvivu anayesema kila siku "kesho kama leo". Msimu wa kipupwe mtabiri huyo ni mgumu kumshinda, na kama hujamshinda, utabiri wako haujaongeza kitu. Ukirekebisha, badilisha kigezo kimoja tu kwa wakati mmoja.

## Vipimo na namba

13. Programu ya simu inasema hewa ni nzuri lakini naona moshi kwa macho yangu. Nani mkweli?

Macho. Programu nyingi hazina kifaa mtaani kwako. Zinaonyesha modeli ya dunia nzima, mara nyingi ya CAMS, huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, ambayo mraba wake una kilomita 40 hivi. Mraba huo unachanganya Kariakoo, Kigamboni na kipande cha bahari. Ni nzuri kwa kuona moshi wa mbali unakuja baada ya siku mbili. Kwa moshi wa jirani anayechoma taka haina msaada. Kabla ya kuamini namba, tafuta kama inatoka kwenye kituo au kwenye modeli.

14. Nimenunua sensa ya bei nafuu. Niifunge wapi na niiamini kiasi gani?

Ifunge mita 2 hadi 4 juu ya ardhi, penye kivuli, chini ya ukingo wa paa, mbali angalau mita 10 na jiko, jenereta au bomba la kutolea hewa jikoni. Tundu la kuvutia hewa litazame chini, mjusi na buibui hupenda humo. Usiifunge upande wa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi.

Sensa hizi, kama Plantower PMS5003, huhesabu chembe kwa mwanga wa leza. Chembe ikinyonya maji inavimba, na sensa inaiona kubwa. Unyevu ukizidi asilimia 80, ambao alfajiri ya Dar ni wa kawaida, usomaji unaweza kuwa karibu mara mbili ya ukweli. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lina kanuni ya kusahihisha sensa za PurpleAir: 0.524 × usomaji − 0.0862 × unyevu + 5.75. Usomaji wa 80 kwenye unyevu wa asilimia 90 unakuwa 40. Kanuni hiyo ilitokana na hewa ya Marekani, kwa hiyo ichukulie kama onyo la ukubwa wa kosa, si jibu. Dawa halisi ni kuiweka sensa yako wiki mbili kando ya kifaa rasmi.

Vumbi huchafua leza. Ipulize kwa hewa kila miezi mitatu, na baada ya miaka mitatu ya kuwaka mfululizo anza kuitilia shaka.

15. Namba ipi ni mbaya?

Shirika la Afya Duniani, kwa miongozo ya 2021, linataka wastani wa PM2.5 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, na 5 kwa mwaka. Kwa PM10, chembe zisizozidi mikromita 10, ni 45 na 15. Tanzania ina kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, na usimamizi uko kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Usichanganye mikrogramu na AQI, yaani alama ya ubora wa hewa. Kwa mizani ya Marekani iliyorekebishwa 2024, mikrogramu 35.4 ni AQI 100, na hewa "isiyofaa kwa wote" huanzia 55.5. Na usichukue kilele cha dakika kumi ukakipima kwa kiwango cha saa 24. Alfajiri yenye 90 na mchana wenye 12 inaweza kutoa wastani wa 30: mbaya, lakini si 90.

## Maamuzi ya kila siku

16. Nikimbie saa ngapi?

Kipupwe, kwa ajili ya hewa peke yake, saa 10 jioni ni bora kuliko saa 12 asubuhi. Kama lazima iwe asubuhi, ufukweni saa 4 ni safi kuliko barabara ya Morogoro saa 1. Shule zenye mchakamchaka zinaweza kuusogeza siku zile tu ambazo hatua za swali la 6 zimekubali zote. Si kila siku.

17. Nakaa ghorofa ya 15 Upanga. Niko juu ya kifuniko?

Usiku mwingine ndiyo. Ghorofa ya 15 ni kama mita 45, na moshi wa mtaani unaweza kuishia chini yako. Lakini joto la mji likiinua kifuniko hadi mita 60, wewe uko ndani ya tabaka lilelile, na moshi uliopanda kidogo ukakwama unakukuta dirishani. Njia ya kujua ni kutazama saa 12 na nusu asubuhi: ukiona mstari wa kijivu chini ya jicho lako, fungua madirisha, ukiwa juu ya jicho, yafunge.

18. Barakoa inasaidia?

N95 au FFP2 iliyobana vizuri usoni, ndiyo, kwa chembe. Kitambaa na kanga, kidogo sana. Hakuna kati ya hizo inayozuia gesi ya kaboni monoksaidi, kwa hiyo jiko la mkaa halilali ndani na watu hata siku moja, mgeuko uwepo usiwepo.

## Hali za pembeni

19. Sensa ilipanda ghafla saa 3 asubuhi, wakati kifuniko kilitakiwa kinafunguka. Imeharibika?

Pengine hapana. Bomba refu la kiwanda usiku hutoa moshi juu ya kifuniko, ukaelea huko bila kugusa mtu. Jua linapochemsha hewa ya chini, mchanganyiko unapanda, unaufikia ule moshi, na kuuvuta wote hadi chini kwa mkupuo. Hudumu dakika 20 hadi 40, na huonekana upande mmoja tu wa kiwanda.

20. Usiku wote ulikuwa mgeuko mgumu, asubuhi hewa safi. Nimekosea wapi?

Hukukosea mgeuko. Angalia upepo ulikotoka na ratiba ya watu (maswali 6 na 10). Pwani ya Kigamboni yenye nyumba chache inaweza kuwa na kifuniko na isiwe na cha kufunika.

21. Mchana, kusi linavuma sana, sensa ya Coco Beach inaonyesha 40. Moshi wa wapi?

Chumvi. Mawimbi yakivunjika hurusha matone, maji yanakauka, chembe za chumvi zinabaki, nazo huvimba kwa unyevu kuliko masizi. Linganisha PM2.5 na PM10: chumvi na vumbi huinua PM10 zaidi kwa mbali, moshi wa kuni huinua PM2.5 karibu sawasawa na PM10. Ila sensa za leza ni dhaifu sana kupima PM10, basi tumia kulinganisha huko kama dalili tu.

22. Nina ndugu Mbeya na Lushoto. Hatua hizi zinawafaa?

Fizikia ndiyo, namba hapana. Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, chini ya safu yenye kilele kinachopita mita 2,800. Huko baridi humiminika kutoka miteremkoni na kujaa chini, hewa ni kavu na usiku wa Julai ni baridi kweli. Mgeuko wake ni mnene na unachelewa kufunguka kuliko wetu.

Faida yao ni kwamba mlima unawapa nguzo ya vipimo bila puto. Chukua vipimajoto viwili vya aina moja, vilaze usiku mmoja pamoja ili ujue vinatofautiana kiasi gani, kisha kimoja kiweke chini bondeni na kingine mteremkoni, mita 150 au 200 juu yake, vyote kivulini na mita moja na nusu kutoka ardhini. Cha juu kikisoma joto zaidi alfajiri, kifuniko kipo, na tofauti hiyo ukiigawa kwa kimo unapata ukali wake.

Na wasitumie ngazi ya hektopaskali 1000 wala 925 ya swali la 7. Mbeya mgandamizo wa ardhini ni 830 hivi, kwa hiyo ngazi hizo ziko chini ya udongo. Modeli bado itatoa namba zake, za kubuni, bila onyo lolote. Ngazi ya kwanza yenye maana kwa Mbeya ni 800, kisha 700.